Namna ya kuipima Raspberry Pi 4 isiyo na feni kabla ya kuiweka sebuleni

Kompyuta isiyo na feni haipigi kelele, lakini joto lake lote hutoka nje kupitia kasha, kwa hiyo upimaji wa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka mwaka 2019, uanzie hapo. Ifunge ndani ya kasha la alumini linalogusa prosesa, weka LibreELEC, ambayo ni mfumo endeshi wa Linux uliopunguzwa ili uendeshe Kodi, programu ya kuchezea video, kisha cheza filamu ndefu kompyuta ikiwa mahali pale pale itakapokaa, hata kama ni ndani ya kabati la televisheni. Washa SSH, yaani njia ya kuiandikia amri kutoka kompyuta nyingine, ingia, na uandike vcgencmd measure_temp mara kwa mara, kwa kuwa joto likifika nyuzi 80 za Selsiasi prosesa huanza kujipunguzia kasi. Amri ya vcgencmd get_throttled, inayoonyesha kama kasi imepunguzwa au umeme umepungua, ikijibu 0x0, mambo ni shwari. Ikijibu vingine ilhali joto liko chini, shuku umeme, hasa ikiwa umetumia chaja ya simu badala ya adapta yake ya volti 5.1 na ampea 3.

Sasa jaribu video zenyewe. Video hubanwa kwa miundo tofauti, kama HEVC, H.264 na AV1. Sehemu ya chipu iliyotengewa video hufungua HEVC hadi ukubwa wa picha wa 4K, lakini H.264 huishia 1080p, ulio mdogo zaidi, na AV1 huachiwa prosesa, ambayo huelemewa upesi. Usitumie faili za maonyesho. Tumia zile unazozitazama kila siku. Kwa 4K ya fremu 60 kwa sekunde, chomeka waya kwenye tundu la HDMI lililo karibu na la umeme, na uongeze hdmi_enable_4kp60=1 kwenye config.txt, faili la mipangilio yake.