Namna ya kuendesha umoja wa wakazi mtaani bila kugombana na kila mtu

Mi ni mweka hazina wa umoja wetu huku Dar, mwaka wa nne huu, nyumba 38, kisima kimoja, geti moja na mlinzi mmoja ambaye ukimkuta usiku anakwambia halali, anafumba macho tu. Watu wa mitaa ya jirani wananiuliza sana mnawezaje, basi nawaambia tulivyofanya na tulipochemka.

Kwanza kabisa msianze na katiba. Najua kuna mzee mstaafu kwenu ataleta rasimu ya kurasa 20, mpokeeni kwa heshima mkaiweke. Umoja mwingi unafia kwenye kikao cha tatu watu wanabishana neno "mkazi" maana yake nini na hata mia haijachangwa. Anzeni na kitu kimoja kidogo ambacho mtu akitoka nje anakiona. Sisi tulianza na taa, taa nne za sola pale kona ya chipsi ambapo wadada wakishuka kwenye bajaji walikuwa wanakwapuliwa simu, tukachangisha nyumba 11 tu zilizokubali, fundi akafunga jumamosi, na usiku ule ule mama wa chipsi alikaa hadi saa tano wakati zamani saa mbili na nusu anafunga. Jumatatu watu ambao hawakuchanga wanauliza wenyewe hela inatumwa wapi. Katiba ikaja baadae, kurasa 3.

Ila kabla ya kugusa chochote nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ongea na mwenyekiti na mtendaji, na mjumbe wako usimruke hata kama unaona hana kazi. Siku mkitaka barua ya kufungulia akaunti ya kikundi ni hao hao. Halafu barabara ya mtaa sio yenu jamani, ipo chini ya TARURA (wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini), huwezi kuamka tu ukajenga tuta au geti la kufunga njia. Mtaa wa pili walimwaga zege la tuta usiku, wakaja kulivunja wenyewe mchana watu wanawaangalia.

Sasa hela. Hapa ndo penyewe, mengine yote yanarekebishika. Michango isiingie kwenye simu ya mtu, awe shehe, awe mzee wa kanisa, awe nani, maana siku mtoto anaumwa saa nane usiku ile hela ndo ipo karibu, ataichukua kwa nia ya kurudisha, na hatorudisha kwa wakati. Fungueni akaunti ya kikundi, watia sahihi watatu, wasitoke nyumba moja wala wasiwe mtu na shemeji yake, au tumieni M-Koba, ile huduma ya vikundi kwenye simu ya Vodacom, ambayo kutoa hela lazima viongozi wengine waidhinishe. Alafu kila tarehe 5 mweka hazina anarusha kwenye grupu, fupi, hivi:

"Mwezi wa 6. Imeingia 290,000 (nyumba 29). Mlinzi 180,000. Luku (umeme) ya kisima 35,000. Floti na fundi 22,000. Imebaki 53,000. Risiti hizo hapo chini."

Basi, hakuna hotuba. Mwanzoni nilikuwa naweka na majina ya wadaiwa, nikaja kumuanika baba mmoja kumbe yuko msibani Tanga wiki ya tatu, nilienda kumwomba radhi na sukari kilo mbili mkononi. Siku hizi naweka nyumba zilizolipa tu, asiyejiona anajijua.

Ugomvi mwingine ni mpangaji na mwenye nyumba, kila mmoja anasema alipe mwenzie. Sisi tuliamua hivi: kinacholiwa kila mwezi (mlinzi, taka, luku) analipa anayelala pale, kinachobaki ardhini (kisima, geti, nguzo) analipa mwenye nyumba hata kama anaishi Mwanza. Mpangaji ameshalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo unamdai tena hela ya kujenga geti, kwa kweli ni uonevu. Ila na yeye apewe kura kwenye kikao, ndo anayejua maji yalikatika lini.

Kisima kina mambo yake. Kibali mnaombea bodi ya bonde la Wami/Ruvu, na kabla ya kulipa mchimbaji ulizeni visima vya jirani maji yao yakoje, maana Dar sehemu nyingi unachimba unakutana na chumvi. Kosa letu kubwa lilikuwa kuunga pampu kwenye mita ya jirani mmoja kwasababu ilikuwa karibu. Piga hesabu, pampu ya hp 1 inakula wati 750 kwenda juu, ikiwaka masaa 4 kwa siku ni uniti 3 au zaidi, mwezi mzima uniti 90 kwenda juu, na yule mama alikuwa kwenye ile bei ya nafuu ya umeme ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, akajikuta katolewa, analipa bei kubwa mpaka umeme wa feni yake. Hatukusalimiana miezi miwili. Ombeni mita ya kisima peke yake TANESCO, ombeni wenyewe msipitie kishoka (mtu wa kati asiye wa shirika). Na floti ya tenki (ile inayokata maji tenki likijaa) wekeni ya akiba dukani kwa mtu, ikikatika usiku mnaamka mmemwaga lita elfu tano kwenye mlango wa kinyozi.

Taka sina mengi, gari linapita siku yake, asiyetoa kiroba asubuhi asikitupe kwenye kiwanja cha watu.

Mtaro zibueni mwezi wa pili kabla masika haijaanza, machepe manne na guta la kubebea tope vinatosha, na tope liondoke siku hiyo hiyo msilipange pembeni, sisi mwaka wa kwanza tulilipanga vizuri kabisa kama tuta la mihogo na mvua ya kwanza ikalirudisha lote.