Mafuriko yameondoka: kurudisha gesi jikoni bila kulipua nyumba

Kila masika maji ya Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam yakishapungua, simu yangu haipumziki. Watu wa Jangwani, Kigogo na Magomeni Suna wanauliza swali lile lile: "Fundi, mtungi umelala kwenye maji usiku kucha, niutupe?" Halafu huyo huyo anayetaka kutupa mtungi, regulata, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi kinachofungwa kwenye mdomo wa mtungi, ameianika kwenye kamba pamoja na nguo, anasubiri ikauke aifunge tena. Mambo yamegeuzwa. Mtungi ni chuma kinene kilichotengenezwa gesi isitoke, na maji nayo hayaingii. Regulata ndiyo ya kutupa.

Naandika kwa wanaotumia mitungi, ya kilo 6, 15 au 38. Walioko Kenya wenye ya 6 na 13, kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Ingia kwa pua, usiingie kwa swichi

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa chini na kutuama kwenye pembe, uvunguni na kwenye mashimo ambayo maji yamechimba sakafuni. Ile harufu unayoijua imetiwa makusudi, maana gesi yenyewe hainuki. Sasa shida ya mafuriko ni kwamba nyumba nzima inanuka choo na tope, kwa hiyo pua inadanganyika. Kutosikia harufu kusikupe moyo sana.

Fungua milango na madirisha yote, uache hewa ipite kutoka mbele hadi nyuma. Usiwashe taa wala kuizima, usiwashe kiberiti, na simu iache nje. Kama soketi zililowa, umeme usubiri fundi wake. Ukisikia harufu ya gesi au mlio wa "sss", toka na watu wote, kisha upige Zimamoto (Tanzania ni 114) ukiwa mbali na nyumba.

Hatua ya 2: Utafute mtungi ulipo

Wengi wanashangaa kukuta mtungi sebuleni wakati waliuacha jikoni. Mtungi wa kilo 15 unaelea hata ukiwa umejaa. Chuma na gesi kwa pamoja ni kama kilo 30 hivi, na umbo lake linasukuma maji zaidi ya lita 35, yaani zaidi ya kilo 35, kwa hiyo hauzami. Maji yakipanda unanyanyuka, unavuta mpira, mpira unavuta jiko, na hapo ndipo maungio yanapolegea. Ndiyo maana nasema hata kama maji yalifika magotini tu, kagua kila kitu.

Ukiukuta umelala, funga koki kwanza: ya kuzungusha geuza kuelekea kulia mpaka mwisho, ya kubofya zima kwenye regulata. Kisha usimamishe na uuache nusu saa kabla ya kuugusa tena, gesi ya majimaji ishuke chini. Usiuburute.

Na mtungi wa kuokota, ule ulioletwa na maji kutoka kwa jirani usiyemjua, usiufunge jikoni kwako hata siku moja. Huujui ulikogonga. Mpelekee wakala wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa juu yake.

Hatua ya 3: Uoshe, uutazame, uupime

Toa regulata. Osha mtungi kwa maji safi na kitambaa. Mdomo wa koki safisha kwa mswaki laini, bila kuchokonoa na msumari. Ndani ya mdomo kuna raba nyeusi ya duara. Ikiwa imechanika, imetoka, au mchanga umeng'ang'ania pale, usihangaike nayo: wakala abadilishe mtungi. Vivyo hivyo ukiona umebonyea, au kutu imekula pete ya chini mpaka inamomonyoka ukiikwangua.

Sasa pima. Kwenye kola ya juu kumegongwa uzito wa mtungi mtupu. Mfano: kola inasema 15.8, mzani wa duka la mangi unasema 24. Una gesi ya kilo 8.2. Andika namba hiyo, tutairudia mwisho. (Pima ukiwa umekauka na hauna tope, vinginevyo unapima udongo.)

Hatua ya 4: Regulata na mpira, nunua vipya

Hapa ndipo nagombana na wateja. "Fundi, si imekauka?" Mama, imekauka nje.

Ndani ya regulata kuna kiwambo chembamba cha mpira na springi inayokikandamiza. Juu ya kifuniko kuna kitundu kidogo, wengi hawajawahi hata kukiona, ambacho kiwambo kinapumulia. Maji ya mafuriko yanaingia pale na tope lake. Maji yanakauka, tope linabaki. Kiwambo kikiganda, regulata haijui tena kupunguza nguvu ya gesi, na siku ya joto la Dar nguvu iliyomo mtungini inaweza kuwa mara 100 na zaidi ya ile jiko linayohitaji.

Niliwahi kukubali kubembelezwa, Magomeni. Regulata ilianikwa siku tatu, inang'aa kabisa. Nikaifunga, nikawasha, moto ukakaa vizuri kama dakika moja, kisha ukaruka ghafla mpaka mdomo wa sufuria. Nilifunga koki mkono unatetemeka. Nyumbani nikaipasua ile regulata kwa bisibisi: ndani kulikuwa na tope laini kama uji wa mtoto. Tangu siku hiyo sibembelezeki.

Mpira nao hivyo hivyo. Tope la ndani huwezi kulisafisha lote, na likifika kwenye jiko linaziba matundu. Nunua mpira wa gesi halisi, si wa maji, wenye mwaka uliochapwa ubavuni. Mita moja na nusu yatosha, na vibano viwili vipya vya spana, usifunge kwa waya. Na macho yawe wazi: baada ya mafuriko huwa zinaonekana mezani regulata za bei nafuu ambazo "hazijatumika". Chungulia kile kitundu cha kupumulia, kisha inuse.

Hatua ya 5: Jiko

Jiko la plate mbili linaokoleka. Toa vifuniko vya vichomeo, osha kwa sabuni, anika juani siku nzima huku mabomba yake yameinamishwa maji yachuruzike. Kitundu kinachotoa gesi, kile cha shaba, kizibue kwa njiti ya ufagio wa chelewa. Sindano hapana, inapanua tundu na moto hautakuwa sawa tena. Zungusha swichi za jiko: zikiwa nzito au zinakwaruza, grisi imeoshwa na mchanga umeingia, peleka kwa fundi. Cheche za kuwashia zikikataa si tatizo, kiberiti kipo. Jiko lenye oveni lililozama lote silishauri kwa mtu kujifanyia mwenyewe.

Hatua ya 6: Funga, kisha paka povu

Funga regulata na mpira, kaza vibano, swichi zote za jiko zikiwa zimezimwa. Fungua koki. Changanya maji nusu kikombe na sabuni ya maji kijiko kimoja, upake kwa sponji kwenye koki, regulata, ncha mbili za mpira na chini ya swichi za jiko. Tulia uangalie. Tundu dogo halitoi mapovu kwa haraka. Linavimbisha kapovu kamoja, taratibu, kama jicho la chura. Ukikaona, funga koki, kaza upya, paka tena. Likiendelea mara ya tatu, kifaa hicho ni kibovu.

Kisha jaribio ambalo wengi hawalijui: funga koki ukiwa hujawasha kitu, subiri dakika kumi, halafu washa plate moja. Moto ukiwaka kidogo na kufa wenyewe, gesi iliyokuwa ndani ya mpira ilitulia mle mle. Usipowaka kabisa, imepata pa kutokea. Rudi kwenye povu.

Hatua ya 7: Moto wa kwanza

Dirisha wazi, washa plate moja, moto mdogo. Ukirukaruka na kutoa mlio, kuna maji yamebaki kwenye jiko. Zima, anika tena. Ukiwa wa njano na unapaka sufuria masizi, njia ya hewa imeziba tope, na moto wa namna hiyo unatoa hewa ya sumu isiyonuka. Usiupikie. Unaoutaka ni wa bluu, umetulia.

Kama nyumba yako ni kati ya zile za Sinza, Mikocheni au Mtwara zilizounganishwa na bomba la gesi asilia la TPDC, shirika la petroli la taifa, kazi yako ni kufunga valvu iliyo karibu na mita, basi. Mita na regulata yake ni mali yao, waite waje wafungue wenyewe.

Usiku wa kwanza funga koki ya mtungi kabla ya kulala. Asubuhi, kabla ya chai, toa regulata, upeleke tena mtungi kwenye mzani wa mangi na ulinganishe na namba uliyoandika. Kama umepika wali na maharage tu na mzani umeshuka kilo nzima, nipigie.