Mapishi ya nyumbani na milo ya wiki kwenye simu: anza na vipimo

Ukipiga picha karatasi zote za mapishi na kuzijaza simuni, bado hutajua ununue nini Jumapili pale soko la Kibuye, Kisumu. Simu hupiga hesabu pale tu unapoipa kiasi cha kila kiungo kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo tafuta mizani ya jikoni kwanza. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni, hupima ujazo: likijaa mahindi ni karibu kilo 2, likijaa omena (dagaa) kavu uzito wake ni mdogo zaidi, na "nusu gorogoro" bila kutaja ya nini ni kipimo kitakachokupoteza. Pima mara moja gorogoro lenu la maharagwe, kikombe cha unga, na shada la sukuma wiki baada ya kutoa mabua. Mama akisema "mafuta kidogo tu", pima chupa kabla na baada ya yeye kupika, kisha gawanya tofauti kwa idadi ya walaji. Kwa ugali, anza na gramu 130 za unga kwa mtu mzima, urekebishe baadaye. Watu wazima sita watakula gramu 780, hivyo paketi ya kilo 2 haifikishi milo mitatu.

Sasa fungua faili la Google Sheets, programu ya majedwali ya hesabu, lenye kurasa tatu: Mapishi, Wiki na Sokoni. Ni rahisi zaidi kuliandaa kwenye kompyuta, kisha mlitumie kwenye simu.

Kwenye Mapishi, safu A ni chakula, B kiungo, C kiasi kwa mtu, D kipimo. Kila kiungo kipate mstari wake, hata chumvi. Kwenye Wiki, A ni siku, B mlo, C chakula, D walaji. Mtoto mdogo mhesabu 0.5. Rudi Mapishi, kisanduku E2, uandike =SUMIF(Wiki!C:C,A2,Wiki!D:D), inayojumlisha walaji wa chakula hicho wiki nzima, na F2 uandike =C2*E2, yaani kiasi chao chote, kisha uziburute zote mbili hadi chini. Kwenye Sokoni, orodhesha viungo safu A bila kurudia, na B2 iwe =SUMIF(Mapishi!B:B,A2,Mapishi!F:F). C ni kilichobaki nyumbani, na D2 ni =MAX(0,B2-C2). Hiyo D ndiyo orodha yako ya soko.

Ukiona kosa la #VALUE! au sifuri mahali pasipostahili, sababu kwa kawaida ni mbili. Ama umeandika "250 g" kwenye safu ya kiasi, na programu ikaichukua kama maneno na kutoa #VALUE! (andika 250 tu, gramu zikae safu D), ama sifuri imetokea kwa kuwa jina limeachiwa nafasi mwishoni, "omena " badala ya "omena". Weka orodha ya kuchagua kwenye safu za majina na tatizo hili la majina litakwisha.

Kupanga siku kunategemea kinachoharibika. Mboga za kienyeji kama mrenda na saga, pamoja na samaki wabichi, viliwe Jumapili na Jumatatu. Omena kavu, ndengu na maharagwe vingoje mwisho wa wiki. Maharagwe yanahitaji kengele ya simu usiku uliotangulia, ili yalowe kwa muda wa saa nane au zaidi. Managu, mboga nyingine ya kienyeji, yakiungwa kwa maziwa huandaliwa siku moja kabla, basi yape mstari wa maandalizi kwenye Wiki, lakini safu ya walaji uiache tupu, la sivyo yatahesabiwa mara mbili.

Mshirikishe mwenzako akiwa na ruhusa ya kuhariri. Kabla ya kutoka nyumbani, gusa vitone vitatu kando ya faili uchague lipatikane bila intaneti, maana mtandao hukatika katikati ya soko.

Sauti za WhatsApp za nyanya yako, yaani bibi, akieleza mapishi usiziache huko, kwani simu ikipotea nazo zinaweza kupotea. Zihifadhi kwenye Google Drive na uweke linki zake safu G ya Mapishi. Mizani haikuambii kitunguu kiwe na rangi gani kabla ya kutia nyanya, bibi anakuambia.