Bafle ndefu zikivuma, zitoe ukutani

Wandugu wa Goma, ukileta bafle (spika) mpya za kusimama sakafuni na besi ikavuma mpaka sauti ya mwimbaji inazama, usikimbilie vifungo vya amplifaya. Zivute mbele, sentimita 50 hadi 60 kutoka ukuta wa nyuma, na uzitoe kwenye kona. Besi huenea pande zote, hata nyuma ya kasha. Ukuta huirudisha na unaweza kuiongeza hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kona ndiyo mbaya zaidi, maana kuta mbili zinarudisha pamoja. Zangu zilikuwa karibu kugusa ukuta wa matofali. Nilipozivuta, gitaa la besi la rumba lilisikika noti kwa noti, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, aisee, ikapumua! Weka alama sakafuni kwa skochi, sogeza sentimita 5 kila mara, kisha rudi kitini usikilize wimbo uleule. Kwenye nyumba ya mbao angalia: besi nyingi hupenya nje, kwa hiyo ukizivuta sana muziki unakonda. Saloni (sebule) ikiwa ndogo mno na bafle zako zina tundu la besi nyuma ya kasha, lizibe kwa soksi safi, ila isizame ndani.