Umetolewa POP mkono umekuwa gogo? Fanya hivi

Mie niliteleza juu ya mkarafuu msimu wa mwaka juzi, tawi limerowa mvua na mie nikajifanya kijana, nikaangukia kiganja cha kulia na kifundo cha mkono kikavunjika. Nikafungwa POP, ile plasta ngumu nyeupe, wiki sita. Siku ya kutolewa nikajua natoka pale hospitali naenda kushika kata naoga kama watu, wapi! Mkono mwembamba kama wa mtoto, ngozi inabanduka magamba, kifundo kimekakamaa hata maji ya kutilia udhu hayakai kiganjani. Nikasema hawa hawakuniunga vizuri. Kumbe mfupa umeunga zamani, kilichobaki ni mkono wenyewe.

Yani POP kazi yake kuushika mfupa usicheze mpaka uunge, basi. Huku nyuma msuli usiofanya kazi unanywea, na zile nyama zinazozunguka kiungo zinajikunyata. Kuvirudisha hivyo ndo kazi ya fiziotherapi, na nikwambie kweli, kazi yenyewe unaifanya wewe nyumbani kwako, mana yule dada wa mazoezi mie nlikuwa namuona nusu saa kwa wiki, siku zote zilobaki zangu mwenyewe.

Kwanza, usisubiri kutolewa. Ungali na POP vidole vikunje uvikunjue kila ukikumbuka, kisugudi kikunje, bega lizungushe, ukikaa weka mkono juu ya mto uwe juu kuliko kifua uvimbe ushuke. Jirani yetu mmoja alitembea na mkono kaufunga shingoni kwa kitambaa wiki zote zile usiku na mchana, alipotolewa kifundo kikapona, bega ndo likagoma. Na vidole vikiwa vya buluu au vina ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, hapo hakuna mazoezi wala panadoli, rudi hospitali hiyo hiyo siku hata kama usiku.

Ukishatolewa, na daktari kasema mfupa upo sawa, fanya kidogo kidogo mara nyingi. Mie mazoezi niliyafungamanisha na sala tano, kabla ya kwenda kutia udhu nafanya, sikuhitaji saa wala nini. Beseni la maji ya uvuguvugu, tumbukiza mkono dakika kumi (pima joto kwa mkono mzima, mbovu unaweza usihisi ukaungua), alafu kaa mezani, weka mkono mezani kiganja kikining'inia nje ya ukingo, kipandishe, kishushe, taratibu mara kumi. Funga ngumi, fungua vidole vyote viachane. Kidole gumba kiguse kila kidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho.

Linalofuata ndo lilonitoa jasho. Bana kisugudi ubavuni, geuza kiganja kiangalie juu kama unaomba dua, kisha kiangalie chini kama unabandika chapati. Kisugudi kikiondoka ubavuni ujue unajidanganya, bega ndo linafanya kazi. Mie mwezi mzima naomba dua kiganja kimoja kinaangalia mbinguni kimoja kinaangalia ukuta, watoto wanacheka.

Maumivu yatakuwepo, usiogope, ila yana kipimo chake. Ukimaliza yakatulia ndani ya nusu saa hivi, uko sawa endelea. Ukiamka asubuhi kifundo kimevimba kuliko jana, ulizidisha, punguza usiache. Na haya mambo ya kuchuliwa, mafuta ya nazi kupaka taratibu kulainisha ngozi hayana neno, lakini mtu kukamata kiungo kilichotoka kuunga akakivuta mpaka kilie kwa nguvu, hapana, hata kama mchuaji ni bibi yako mzaa mama. Mkono ukiwa unawaka moto, unang'ara, hata nguo ikigusa tu unaumia, mwambie daktari mapema.

Nguvu inakuja mwisho. Ukiruhusiwa, anza kukamua kitambaa kilichorowa, kanda donge la unga wa ngano, ndoo ya maji waachie wengine kwanza. Dawa yangu hasa ilikuwa kuchambua karafuu. Jioni wanawake wanakaa ukumbini na majamvi yao, nikajipenyeza, nikachukua kikonyo mkono wa kushoto nikawa nazing'oa kwa kulia, gumba na kidole cha shahada. Siku ya kwanza nilitoa kiganja kimoja wakati wao wameshamaliza pishi nzima. Ila hesabu mwenyewe kidole kinabana mara ngapi jioni moja, hospitali gani itakupa mazoezi kama hayo.

Kwa mwenye mgonjwa wa kiharusi ndani, njia ni hiyo hiyo ya kurudia rudia, ila hapo kinachofundishwa upya ni ubongo, kwaio kurudia ndo kila kitu. La kushika: usimnyanyue kwa kumvuta ule mkono uliolegea wala kumtia mikono kwapani, bega halina msuli wa kulishika linachomoka, ndo unamuongezea maumivu. Na ukizungumza nae kaa upande ule dhaifu ageuke akutafute, asiusahau.

Turudi kwetu. Sijda ndo ya mwisho kurudi, mana inataka kifundo kikunjike kwenda nyuma na juu yake kibebe uzito. Usikimbilie chini. Simama uso kwa ukuta, weka viganja ukutani usawa wa kifua, egemea polepole, hesabu mpaka kumi, rudi. Ukizoea hamia ukingo wa meza, kisha kitandani, huku muda wote huo unasali kwenye kiti na hakuna dhambi. Mie nilifika kwenye msala mwezi wa nne wa mazoezi, kiganja chote kimelala chini. Msimu uliofuata nilichambua tu, kupanda nimewaachia vijana.