Neno "friable": lisomee kwenye udongo kwanza

Anayesoma mwongozo wa Kiingereza wa viazi mviringo au karoti hachelewi kukutana na maneno haya: "deep, friable soil". "Deep" analijua, "soil" analijua. Hilo la katikati ama analiruka, ama analikisia kutokana na "fry" na kubaki na udongo unaokaangika. Kwa mwanafunzi wa kilimo pale chuo cha Uyole, Mbeya, au mkulima wa Njombe anayejisomea kwenye simu, neno hilo ndilo linalobeba maana yote ya sentensi.

"Friable" halina undugu wowote na kukaanga. Limetoka kwenye Kilatini, friare, yaani kufikicha kitu mpaka kiwe punjepunje. Ile "-able" ya mwisho inafanya kazi ya "-ika" yetu: vunja, vunjika, fikicha, fikichika. Kwa hiyo "friable" ni "-a kufikichika". Kiingereza chenyewe hakina kitenzi "fri" cha kukusaidia kubahatisha, na hapo sisi tuna nafuu, kwa sababu fikicha tunalo na tunalitumia.

Litamke frái-a-bol, mkazo ukiwa mwanzoni kabisa. Ulimi wa Kiswahili hupenda kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi husema frai-Á-bol. Lisichanganywe pia na "viable", ambalo hukaa nalo jirani kwenye vitabu vya kilimo: "viable seed" ni mbegu iliyo hai, inayoweza kuota, "friable seedbed" ni kitalu chenye udongo unaofikichika.

Sasa nenda shambani, maana neno hili hujifunzwa kwa vidole. Chukua donge la udongo lenye upana wa sentimita 2 hadi 3 kutoka kina ambacho jembe hufika. Liwe na unyevu wa wastani: ukilishika liwe la baridi kidogo, lakini lisiache tope mkononi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, msimu wa mvua wa Nyanda za Juu Kusini, utalipata hivyo bila shida. Mwezi wa Septemba au Oktoba udongo umekauka, kwa hiyo linyunyizie maji kidogo kidogo na usubiri yaingie mpaka ndani. Lishike kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kisha finya taratibu huku ukiongeza nguvu.

Likisambaratika kwa mfinyo mdogo sana, udongo huo ni "very friable". Likihitaji mfinyo mdogo hadi wa wastani, ni "friable". Likivunjika kwa mfinyo wa wastani lakini ukahisi wazi linasukuma kidole, ni "firm", na juu yake kuna "very firm" na "extremely firm". Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: zikusanye zile punje kiganjani, uziminye. Udongo ulio friable hushikana tena. Usiposhikana kabisa, kama mchanga wa mtoni, jina lake ni "loose", na hilo ni neno jingine.

Kosa kubwa kwenye jaribio hili ni kupima udongo mkavu. Wataalamu wa udongo wana maneno tofauti kwa kila hali ya unyevu: mkavu huitwa "soft" au "hard", uliolowa huitwa "sticky" au "plastic", na "friable" imewekwa kwa ule wenye unyevu wa kati. Ndiyo maana utasoma sentensi kama "Wait until the soil is friable before you dig", yaani subiri mpaka udongo ufikie hali ya kufikichika ndipo ulime. Shamba lilelile linaweza kuwa tope Jumatatu na kuwa friable Alhamisi. Ukilima mfinyanzi ukiwa bado tope, unapata mabonge ambayo jua likiyapiga yanakuwa kama tofali, na karoti ikikutana nayo inapinda au kugawanyika miguu miwili.

Je, tufasiri "tifutifu"? Hapa inabidi kuwa makini. Shuleni "tifutifu" limeshikwa na aina ya udongo, ule ambao Waingereza huuita "loam", yaani mchanganyiko wa mchanga, mchangatope na mfinyanzi. "Friable" haisemi udongo umechanganywa na nini. Inasema unafanya nini ukifinywa. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ni mwepesi na hufikichika kirahisi. Lakini hata udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi unaweza kuwa friable ukiwa na unyevu, kwa sababu chembe zake zimejishika kwenye vipunje vidogo imara. Ukiandika "tifutifu" kwa udongo wa namna hiyo, umempotosha msomaji kuhusu aina ya udongo. "Udongo unaofikichika" ni refu kidogo, ila ni sahihi, na mkulima analielewa papo hapo.

Kuna maneno mawili ya jirani ya kutenganisha. "Brittle" ni kitu kigumu kinachokatika ghafla: chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, kikianguka hutoa vigae, na hicho ni brittle. Donge la udongo wa Tukuyu, kulekule Rungwe, likifinywa hutoa punje, na hilo ni friable. "Crumbly" lina maana ya karibu sana na friable, ila ni neno la nyumbani na jikoni. Andazi la juzi linalomomonyoka mkononi liite "crumbly". Ukiliita "friable" Mwingereza atakuelewa, lakini atasikia lugha ya maabara. Mtu dhaifu au mwenye huzuni haitwi friable kamwe. Ukitaka kulinganisha, sema "more friable" na "most friable". Nomino yake ni "friability".

Nje ya shamba neno hili hubadilika kidogo. Kwenye vidonge vya dawa, "friability" ni kipimo: vidonge huwekwa kwenye ngoma inayozunguka mara 25 kwa dakika, jumla mizunguko 100, na kwa kawaida havitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito.

Hospitalini, hakuna unga wala punje. "Friable tissue" ni tishu inayochanika au kutoka damu ikiguswa kidogo tu. Mwanafunzi wa uuguzi akisoma "the cervix is friable", aelewe kwamba shingo ya kizazi inatoka damu kirahisi wakati wa uchunguzi. Hilo si jina la ugonjwa. Ni dalili aliyoiona mpimaji, na chanzo chake bado kinatafutwa.

Mahali pa kulisoma neno hili kwa uangalifu kuliko pote ni kwenye maelezo kuhusu asbesto, yale madini yenye nyuzi nyembamba. Asbesto inayoweza kusagika kwa mkono ikiwa kavu huitwa "friable", na ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa nyuzi zake hupeperuka na kuingia mapafuni. Paa la asbesto iliyochanganywa na saruji, likiwa zima, huhesabiwa "non-friable". Likichakaa mpaka likaanza kufikichika, hesabu hiyo imebadilika. Na hata likiwa zima, ukilikata kwa msumeno, ukalivunja au kulisugua kwa brashi kavu, nyuzi zinatoka. Kwa hiyo ukiona "non-friable" kwenye karatasi ya ukaguzi, isome hivi: halifikichiki kwa mkono leo, na lisiguswe kwa msumeno.