Kupima kontua kwa fremu A na kupanda kingo za glirisidia

Mwongozo huu wa kupima kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, kisha kuichimbia mifereji ya kukinga maji na kuipandia miti ya glirisidia, ni wa wakulima wenye mashamba yanayopakana kwenye mteremko mmoja, kama ilivyo milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Kupanda unaweza kupanda peke yako. Kupima kunahitaji watu watatu, na mstari ukifika mpakani kwa jirani lazima uendelee kwake, la sivyo maji yote uliyoyakinga yatamwagikia kwake kwa nguvu moja. Kwa hiyo kubalianeni kwanza, halafu mfanye kwa ujima, shamba baada ya shamba, mkianzia juu. Anayeanzia chini atafukiwa na udongo wa walio juu yake.

Pimeni Agosti na Septemba ardhi ikiwa kavu na wazi. Chimbeni kabla ya vuli.

Fremu

Mirunda miwili ya mita 2.2, mmoja wa mita 1.3, misumari ya inchi 4, kamba nyembamba ya nailoni, na chupa ndogo iliyojazwa mchanga iwe timazi. Funga herufi A, miguu iachane mita 2 kamili. Kamba ining'inie kutoka kileleni, chupa ipite chini ya mti wa kati kiasi cha sentimita 20. Tumia miti mikavu. Mbichi hupinda ikikauka, na alama uliyoweka Jumatatu inakuwa ya uongo ifikapo Ijumaa. Simu zenye programu ya kupima usawa siziamini kwa kazi hii, na pima maji ya fundi ni fupi mno.

Alama ya usawa: hapa ndipo mistari mingi inapoharibika

Usipime katikati ya mti wa kati kwa futi ukaweka alama. Miguu haijawahi kulingana kabisa, hata ukiikata kwa uangalifu. Fanya hivi:

Simamisha fremu, piga kigingi kifupi ardhini pale unapokanyaga kila mguu ili sehemu hizo mbili zisipotee. Timazi ikitulia, weka alama kwa penseli pale kamba inapogusa mti wa kati. Geuza fremu: mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, na wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, palepale kwenye vigingi. Weka alama ya pili. Nusu ya njia kati ya alama hizo mbili ndiyo usawa; ichonge kwa kisu, kwa sababu penseli hufutika kwa jasho la mikono. Kisha hakiki: tafuta sehemu mbili ambapo kamba inakaa kwenye alama hiyo, geuza miguu tena. Kamba ikirudi palepale, fremu ni nzima. Isiporudi, rudia. Hakiki kila asubuhi, na kila fremu inapoanguka.

Kwa nini kung'ang'ania hivi? Alama ikikosea kiasi cha kushusha mguu mmoja sentimita 3, kwa mita 2 hutaona chochote. Lakini mstari wa mita 100 ni hatua 50, na 50 mara 3 ni mita moja na nusu. Mfereji huo si kontua tena. Ni bomba linalopeleka maji yote upande mmoja, na mvua kubwa ya kwanza italipasua.

Kuna kinga. Usiiburute fremu mguu uleule ukiwa mbele siku zote. Itembeze kama bikari: mguu wa mbele ubaki kwenye kigingi chake, zungusha wa nyuma uwe wa mbele, tafuta usawa, piga kigingi, endelea. Kosa la hatua moja linashusha, la hatua inayofuata linapandisha, yanafutana. Fremu ikizungushwa, kamba inahamia upande wa pili wa macho yako, kwa hiyo mtu mmoja asimame juu ya mstari na mwingine chini, wasome kwa zamu. Wa tatu anapiga vigingi.

Mguu usikanyage jiwe, kichuguu wala shimo la jembe. Safisha sehemu ya kiganja kwa jembe kwanza. Upepo ukivuma, ngojeni au mzungushie chupa kanga.

Mstari ukiisha, rudini nyuma mtazame vigingi. Vinavyoruka juu na chini visogezeni kidogo mpaka mkunjo uwe laini. Kigingi kisisogezwe zaidi ya nusu ya hatua.

Kwenye mvua nyingi na udongo mfinyanzi, mfereji wa usawa kamili hushika maji mpaka mteremko unamomonyoka. Hapo mwelekezeni maji taratibu kwenye mkondo wenye nyasi: fungeni kibao cha sentimita 1 chini ya mguu wa mbele, mpime kuelekea mkondoni. Kwa fremu ya mita 2 ni asilimia 0.5, inatosha. Lakini sasa fremu haizungushwi tena, mguu wa kibao uko mbele daima. Kinga ya bikari haipo, na alama lazima iwe sahihi kabisa.

Umbali kati ya mistari

Simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele usawa wa macho. Pale macho yanapogonga ardhi ndipo mstari unaofuata, kama mita 1.5 juu kwa wima. Mteremko wa asilimia 15 unatoa mita 10, wa asilimia 30 unatoa mita 5. Panapohitaji kushika kwa mikono ili kukwea, acheni pawe msitu.

Kuchimba

Fanya juu: mfereji wa sentimita 60 kwa 60, udongo unarushwa upande wa juu uwe tuta, ukiacha ukingo wa sentimita 20 usirudi kuanguka ndani. Udongo mweusi wa juu uwekwe pembeni kwanza na urudishwe shambani. Uluguru inajua gharama ya kupuuza hili: matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na serikali ya kikoloni yalileta juu udongo usio na rutuba, na hasira za wananchi zililipuka Matombo mwaka 1955. Udongo ukiwa wa kina kifupi au una mawe, msichimbe kabisa. Pandeni kingo tu.

Kupanda

Mvua ikishashika, si tone la kwanza. Vipande vya glirisidia viwe vya tawi lililokomaa, unene wa mpini wa jembe, urefu wa mita 1, viingie ardhini sentimita 30, nusu mita kati ya kimoja na kingine, juu ya tuta. Ukiwa na mbegu, panda mbegu: mizizi yake huenda chini zaidi. Mabingobingo yapandwe na mwenye ng'ombe wa ndani tu. Asiyeyakata kila mara atayakuta yamemaliza maji ya mahindi. Wengine wapande nyasi za vetiva, au nanasi.

Mwaka wa kwanza usikate. Baadaye kata kwenye usawa wa goti kabla ya kupanda mahindi na tena wakati wa palizi, majani yote yatandazwe shambani.

Mbuzi na moto

Glirisidia iliyokatwa huchipua. Iliyoungua ikiwa changa inaweza isichipue. Pelekeni suala la uchomaji na la mifugo huria kwenye mkutano wa kijiji kabla ya msimu wa kuandaa mashamba, likiwa na sheria ndogo na faini iliyoandikwa.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, tembeeni mistari yote siku hiyohiyo mkiwa na majembe. Maji yakiwa yamesimama sehemu moja tu ya mfereji, hapo ni chini kuliko kwingine. Jazeni udongo, ushindilieni kwa miguu, mpande vetiva juu yake jioni ileile.